Sura ya Tano: Soda ya Tanggu na Magadi ya Bonde la Ufa

Katika mambo yote ambayo taifa changa laweza kuyatilia mtaji wake, hapana lililokosa sifa mbele ya watu, na hali liko karibu mno na maisha yao, kama utengenezaji wa kemikali za msingi. Maana kitambaa huonekana kikivaliwa, na saruji huonekana imesimama ukutani, lakini soda, tindikali, klorini na amonia huingia ndani ya vitu vingine zikapotea humo, hata mnunuzi wa chupa, au wa mche wa sabuni, au wa daftari la mtoto, au wa viatu vya ngozi, asitambue kwamba katika bei aliyolipa mna ujira wa mkemia ambaye hatamwona kamwe. Kwa sababu hiyo serikali nyingi zilizotamani viwanda zilianza na vile vinavyoonekana, zikajenga vya nguo, vya bia, vya sigara na vya mabati, na kila kimoja katika hivyo kikawa kinangojea marikebu imletee kutoka ng'ambo rangi, magadi, tindikali na dawa za kusafishia. Na marikebu ilipochelewa, au fedha za kigeni zilipoadimika, mashine zilisimama na wafanyakazi wakarudi majumbani, ilhali kiwanda chenyewe hakikuwa na kasoro yoyote.

Nataka kulieleza jambo hili kwa kitu kimoja tu, nacho ni soda ya viwandani, ule unga mweupe upatikanao kwa kuchoma magadi, au kwa kuigeuza chumvi kwa hila za kemia. Nimekichagua kwa kuwa habari zake zimeandikwa vyema, na kwa kuwa katika mwaka mmoja, 1924, zilitukia habari mbili za soda, moja katika pwani ya kaskazini ya China na ya pili katika Bonde la Ufa la Kenya, ambazo mtu akizisoma pamoja atafahamu kwa nini mali ya ardhini haimtajirishi kila aliye nayo.

Haja ya soda ni ya kale. Pasipo soda mchanga hauyeyuki kuwa kioo ila kwa moto mkali kupita kiasi, wala mafuta hayapati kwa urahisi kitu cha kuyageuza yawe sabuni ngumu. Ulaya iliipata zamani kwa kuchoma mimea ya pwani ya Hispania na kuyachuja majivu yake, mpaka mwaka 1791, Mfaransa Nicolas Leblanc alipopewa hataza ya kuitengeneza kwa chumvi na tindikali ya kibiriti; na kwa njia yake Uingereza ikajaa viwanda ambavyo moshi wake ulikausha miti na kuharibu mazao ya majirani, hata Bunge likalazimika mwaka 1863 kutunga sheria ya kuwabana wenye viwanda hivyo. Katika miaka hiyohiyo ya 1860 Mbelgiji Ernest Solvay aliikamilisha njia iliyo safi zaidi na nafuu zaidi. Maji ya chumvi hutiwa amonia, kisha hupulizwa hewa-ukaa itokayo katika tanuri la mawe ya chokaa, na hapo hutuama chembe nyeupe ambazo zikichomwa huwa soda. Na ile amonia hukombolewa kwa chokaa, ikarudishwa kazini tena na tena.

Anayesoma maelezo hayo huenda akadhani kwamba mtu yeyote mwenye chumvi na chokaa angeweza kuifanya kazi hii. Hasha. Kiasi cha joto katika kila hatua, umbo la minara, namna ya kuuzuia mvuke wa amonia usitoroke, na aina ya chuma kitakachostahimili maji yale makali, ndivyo vilivyokuwa siri. Na makampuni yaliyopewa ruhusa na Solvay, miongoni mwao Brunner Mond ya Uingereza, iliyoasisiwa mwaka 1873 na John Brunner na Ludwig Mond, yalifungana kwa mikataba ya kutoitoboa siri hiyo na ya kugawana masoko ya dunia. Njia ya kutengeneza soda ilikuwa imechapishwa katika hataza na kusomwa na kila mwanafunzi wa kemia, lakini kiwanda hakikujengeka kwa kusoma hataza.

China ilikuwa soko la Brunner Mond. Ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza, na marikebu zikawa haba, soda iliadimika huko na bei yake ikapaa, nao mafundi wengi walioitegemea wakapata taabu kubwa. Katika taabu hiyo alikuwapo mtu aitwaye Fan Xudong, aliyesomea kemia Kyoto, Japani, na ambaye mwaka 1914 alikwisha anzisha katika mji wa Tanggu, karibu na Tianjin, kampuni ya kusafisha chumvi ya bahari iliyoitwa Jiuda. Mpangilio huu wa kazi zake wastahili kuangaliwa kwa makini. Hakuanza na soda. Alianza na chumvi safi ya mezani, bidhaa inayonunuliwa kila siku na maskini na tajiri, ambayo faida yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika, na kwa faida hiyo akapata cha kuilisha kampuni ya pili, Yongli, aliyoiasisi mwaka 1917 kwa ajili ya soda. Tena, kabla ya kujenga, alikwenda kwa serikali akaomba chumvi itakayotumika kiwandani isamehewe kodi, kwani chumvi ya chakula ilitozwa kodi nzito, na soda iliyotengenezwa kwa chumvi yenye kodi ile isingeweza kamwe kushindana na ya Uingereza. Serikali ikakubali. Sijui hisani kubwa kuliko hiyo ambayo dola dhaifu, isiyo na fedha za kumkopesha mtu, ingeweza kuwafanyia watu wake wenye ari. Haikuigharimu hazina chochote ilichokuwa nacho, maana kodi ya chumvi ya kiwanda ambacho hakijazaliwa haikuwahi kukusanywa.

Mwaka 1921 alijiunga naye Hou Debang, mzaliwa wa jimbo la Fujian, aliyesoma katika chuo cha MIT huko Marekani na kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia kwa utafiti wa kutengeneza ngozi. Huyu, ambaye elimu yake ilikuwa ya ngozi, alikabidhiwa kazi ya kuifumbua siri ambayo makampuni makubwa ya Ulaya yalikuwa yameilinda kwa miaka hamsini. Na mwaka mmoja baadaye, kabla ratili moja ya soda haijauzwa, Fan alianzisha taasisi ya utafiti wa kemia iliyoitwa Huanghai, akiipa fedha ambazo wanahisa wake wangependa kugawana.

Mnamo Agosti 1924 soda ya kwanza ya Yongli ilitoka tanurini, nayo haikuwa nyeupe. Ilikuwa na wekundu wa kutu, haiuziki kwa mwenye kiwanda cha kioo wala kwa mwenye kiwanda cha nguo. Maji ya amonia yalikuwa yakiila minara ya chuma, na kutu ile ikichanganyika na bidhaa. Haukupita muda mrefu, na matanuri ya kukaushia nayo yakaungua yakaharibika, kazi ikasimama kabisa. Wanahisa walinung'unika, na wengine wakataka Hou aondolewe na mahali pake pawekwe mgeni mwenye jina. Fan alikataa. Benki ya Jincheng ya Wachina wenyewe iliendelea kumkopesha, na Hou akavua koti akashinda kiwandani na mafundi wake, wakijaribu na kurudia, mpaka wakatambua kwamba wakitia kiasi kidogo cha salfaidi ya sodiamu katika maji yale, chuma hujipatia utando unaokikinga na kutu. Mwaka 1926 soda yao ilitoka nyeupe, yenye usafi uliozidi asilimia 99, na mwaka huohuo ikapewa medali ya dhahabu katika maonyesho ya dunia yaliyofanyika Philadelphia kuadhimisha miaka 150 ya uhuru wa Marekani.

Toka kuasisiwa kampuni hadi kupatikana bidhaa ya kuuzika ilipita miaka tisa. Namwomba msomaji auzingatie muda huo, kwa kuwa humo ndimo ulimo ugumu wote wa kuwekeza katika kemikali, na humo ndimo nchi nyingi zilimokatia tamaa. Mfanyabiashara wa kawaida, akopaye kwa riba ya miaka mitatu au minne, hawezi kuvumilia miaka tisa ya hasara. Wala waziri, ambaye uchaguzi humfikia kila baada ya miaka mitano, hapendi kuzindua kitu kitakachotoa unga mwekundu. Fedha zinazofaa kazi hii ni za namna nyingine: ni fedha zilizowekwa na mtu anayejua tangu mwanzo kwamba kosa la mwaka wa saba ni sehemu ya gharama, kama vile mkulima wa mnazi anavyojua kwamba hatauvuna mwaka aliopanda.

Brunner Mond haikukaa kimya. Ilishusha bei katika soko la China ili kuikaba pumzi kampuni changa, na Yongli, iliyokuwa haina uwezo wa kuvumilia vita hivyo kwa muda mrefu, ikapeleka shehena ndogo Japani kwa mkono wa kampuni ya Mitsui, ikauza kwa bei ya chini katika soko ambalo Waingereza walikuwa wakiuza huko kwa wingi, hata ikawa kila punguzo walilofanya China liliwarudia kwa hasara kubwa zaidi Japani. Hapo wakakubali kuzungumza. Kisha mwaka 1933 Hou akatenda jambo ambalo mimi naliona kuwa adhimu kuliko medali: alichapa New York, kwa Kiingereza, kitabu kinachoeleza utengenezaji wa soda kwa ukamilifu, akaifungua kwa watu wote elimu ambayo yeye alinyimwa. Katika miaka hiyo Yongli ilishughulikia mradi wa pili, wa amonia na mbolea, karibu na Nanjing, na kiwanda hicho kilianza kazi mapema mwaka 1937, miezi michache tu kabla ya majeshi ya Japani kuivamia nchi. Fan alikataa kushirikiana na wavamizi. Akahamia Sichuan na mafundi wake. Na huko, kwa kuwa chumvi ilitoka visimani na bei yake ilikuwa ghali, Hou hakuweza tena kuivumilia njia ya Solvay, ambayo hupoteza zaidi ya robo ya chumvi itiwayo, akabuni njia mpya inayounganisha kazi ya soda na kazi ya amonia, ili kile kilichokuwa kikimwagwa kiwe mbolea. Aliyejifunza kutengeneza ndiye aliyeweza kubuni.

Sasa tuje upande wetu. Katika Bonde la Ufa, kusini magharibi ya Nairobi, liko ziwa la Magadi, ambalo chemchemi zake za moto hulijaza upya daima, na ambalo jua limeyakausha maji yake mpaka uso wake ukawa gamba jeupe gumu la magadi. Wamaasai waliyajua kwa ajili ya mifugo na ugoro wao vizazi vingi kabla ya mzungu yeyote kufika. Hapa maumbile yenyewe yamekwisha ifanya kazi iliyomtesa Hou: hapahitajiwi amonia wala minara, magadi huchimbwa chini ya maji kwa mtambo, huoshwa, huchomwa, yakawa soda. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, ikajengewa reli itokayo Konza katika njia kuu ya Mombasa, na baada ya kuelemewa na madeni ikachukuliwa na Brunner Mond mwaka 1924, mwaka uleule ambao Yongli ilikuwa ikihangaika na unga wake mwekundu. Miaka miwili baadaye Brunner Mond iliungana na makampuni mengine, ikawa sehemu ya ICI, kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza.

Zingatia basi hali ya pande mbili. China ilikuwa na chumvi, kitu kilichopo katika kila pwani ya dunia, na Kenya ilikuwa na ziwa ambalo mfano wake ni nadra. Na bado Tanggu ikazaa kiwanda cha pili na cha tatu, taasisi ya utafiti na kizazi cha wahandisi, ilhali Magadi, kwa miaka mia moja, imebaki hasa kuwa mahali pa kupakia mabehewa. Mji ulijengwa pale, wenye hospitali na skuli, na watu wamelelewa vizuri humo; kulisahau hilo ni dhuluma. Lakini sehemu kubwa ya soda huteremka Mombasa ikapakiwa kwenda Asia, na sehemu yake nyingine hurudi katika bandari hiyohiyo ikiwa vioo vya madirisha, na unga wa kufulia, na makarai ya udongo mng'avu. Kampuni haikupewa kazi ya kuiendeleza Kenya. Ilipewa kazi ya kuuza soda, nayo iliifanya. Aliyestahili kuuliza nini kitajengwa kandokando ya ziwa lile alikuwa mwenye nchi, na kwa nusu karne ya kwanza mwenye nchi hakuwa na sauti.

Na kuna jambo lingine ambalo wasomaji wa Kiswahili hawalisikii sana. Mwaka 1939, huko Mithapur katika pwani ya Gujarat, Wahindi wa Tata walianzisha kampuni ya kutengeneza soda kwa chumvi ya bahari, nao pia wakiwa nje ya duara la wenye siri. Walipata matatizo ya miaka mingi, ya mitambo na ya ukame, na hawakuacha. Mnamo Desemba 2005 Tata Chemicals ilinunua Brunner Mond, iliyokuwa imekwisha tengwa tena na ICI, na pamoja nayo ikapata Magadi.

Tanzania ilijaribu kwa njia yake. Baada ya Azimio la Arusha, Shirika la Maendeleo la Taifa liliungana na kampuni ya Kijerumani kujenga Tanga kiwanda cha mbolea, kilichoanza kazi mwaka 1972. Kilikuwa kiwanda cha fahari, lakini karibu kila kilichotiwa ndani yake, kuanzia kibiriti na amonia hata potashi, kilishushwa kutoka melini. Hivi kwamba nchi iliyotaka kujiepusha na kununua mbolea ng'ambo ikawa inanunua ng'ambo vitu vya kutengenezea mbolea, na mafuta yalipopanda bei katika miaka ya 1970 ikalipa mara mbili. Fosfeti ilikuwapo nyumbani, huko Minjingu karibu na ziwa Manyara, iliyotokana na vinyesi na mifupa ya ndege wa maji walioishi kale katika ziwa lililokuwa kubwa zaidi, lakini mgodi wake haukufunguliwa ila mwaka 1983, miaka kumi na mmoja baada ya kiwanda kilichoihitaji, na hapo uchumi ulikwisha dhoofika hata vipuri havikupatikana. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991. Fosfeti ya Minjingu ingali ikichimbwa, na kwa kuwa ni laini hufaa hata ikisagwa tu na kutiwa katika udongo wenye uchachu.

Wako wasemao kwamba Tanga ni ushahidi wa upumbavu wa serikali kufanya biashara. Mimi siukubali uamuzi huo mwepesi, maana Korea Kusini nayo ilianza na kiwanda kimoja cha mbolea cha serikali huko Chungju, kilichojengwa kwa msaada wa Marekani na kukamilika mwaka 1961, kikiwa na gharama kubwa na dosari nyingi. Tofauti ni kwamba mafundi waliokikarabati na kukiendesha ndio waliotawanyika katika viwanda vilivyofuata, vikubwa zaidi na bora zaidi. Tanga ilikuwa na mtambo bila mgodi, bila kiwanda cha pili cha kupeleka ujuzi, na bila akiba ya kuvumilia miaka mibaya. Kiwanda cha kemikali kisimamacho peke yake ni yatima, hata kikiwa kipya.

Kwa hiyo fedha zitafutwe wapi, na zitiwe wapi kwanza? Afrika ya Mashariki inayo Benki ya Maendeleo iliyoundwa mwaka 1967, na kila nchi inayo ya kwake. Hizo ndizo zipasazo kukopesha kwa miaka kumi na mitano na ishirini, kwa masharti kwamba mkopaji ataje wateja wake wa jirani kwa majina. Sioni busara kuanza na mtambo mkubwa wa amonia wa kushindana na Ghuba, ambako gesi ni nyingi na nafuu. Naona busara kuanza na vitu vizito vya bei ndogo, ambavyo nauli ya bahari huvipandisha gharama na hivyo kumkinga mtengenezaji wa ndani: tindikali ya kibiriti, ambayo ni hatari na ghali kuisafirisha, na ambayo Thika tayari hutengenezwa, shabu ya kusafishia maji ya mabomba, itokanayo na tindikali hiyohiyo, klorini na dawa ya madoa kutokana na chumvi ya pwani, silikati kutokana na mchanga na soda. Maji ya mji hayawezi kungojea marikebu, na mamlaka za maji ni wateja wasiokimbia.

Hapana budi pia kusema habari ya madhara, kwa kuwa mapenzi ya viwanda yasiyojali uhai wa viumbe ni maradhi. Kilomita chache kusini ya Magadi, ng'ambo ya mpaka, liko ziwa Natron, ambako heroe wadogo wa Afrika ya Mashariki karibu wote huzaliana; na mpango wa kuchimba soda huko, uliotolewa mwaka 2006 na miaka iliyofuata, ulipingwa na wengi ndani na nje ya Tanzania mpaka ukaachwa. Uliachwa kwa haki. Ndege yule hana ziwa la pili la kukimbilia, na soda inayo, kwani Shirika la Maendeleo la Taifa limekwisha kuona maji ya magadi chini ya ardhi katika bonde la Engaruka, wilaya ya Monduli, mbali na mazalio hayo. Lakini hata huko maji matamu ni haba, na wafugaji wenye ardhi wanastahili kuwa washirika katika mapatano.

Na safari hii mteja yupo. Mkuranga, katika mkoa wa Pwani, kumejengwa kwa mtaji wa Wachina kiwanda cha kioo bapa, cha aina ambayo tanuri lake likishawashwa huwaka usiku na mchana kwa miaka mingi bila kuzimwa, na ambacho karibu sehemu moja kwa tano ya vitu kinavyoyeyusha ni soda. Viko pia viwanda vya chupa Dar es Salaam, na vya sabuni katika kila mji mkubwa, na reli ya Tanga hadi Arusha imefufuliwa. Yaliyosalia ni mambo ambayo mkataba wa uwekezaji aghalabu huyaweka katika kurasa za mwisho: kwamba soda ya Engaruka iuzwe kwanza kwa viwanda hivyo kwa bei ya mlangoni, kwamba fungu la mapato, tangu mwaka wa kwanza na hata katika miaka ya hasara, liende katika maabara yenye wakemia wetu, iliyojengwa palepale bondeni na si katika ofisi ya mji mkuu, na kwamba vijana wanaosomea uhandisi wa kemikali katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wawepo wakati mitambo inafungwa, wakishika spana pamoja na wageni, wakiandika kwa mkono wao kila kosa litakalotokea na namna lilivyorekebishwa.